Damu Yenye Namba: Kingamwili, Kimeng'enya na Watu wa Chatsworth

Katika historia ya utafiti wa UKIMWI yuko mwanamke wa KwaZulu-Natal anayejulikana kwa namba tu: CAP256. Alikuwa mshiriki wa utafiti wa kituo cha CAPRISA cha Durban, uliowafuatilia wanawake tangu siku za mwanzo za maambukizi. Mwaka 2014 jarida la Nature lilieleza kingamwili 12 zilizopatikana kutoka damu yake, nyingine zikiwa na nguvu ya kuzuia aina nyingi za virusi. Yeye mwenyewe hazikumponya, kwa kuwa virusi vya mwilini mwake vilijibadilisha na kuzikwepa. Wanasayansi wa dunia nzima huitaja namba yake, lakini jina lake ni siri. Tulipoisoma habari hii tulijiuliza: namba hiyo inamlinda au inamfuta?

Kwanza tueleze kingamwili ni nini. Ni protini inayotengenezwa na mwili ili kunasa kitu kimoja maalumu. Kwa sababu hiyo imekuwa pia chombo cha maabara. Sungura hudungwa kipande cha protini inayotafutwa, mwili wake hutengeneza kingamwili, kisha hizo huvunwa katika damu yake. Mtafiti makini huzijaribu pia kwenye seli zisizo na protini ile. Zikinasa kitu huko, hazifai.

Chombo hiki kimesaidia kufuatilia kimeng'enya kimoja muhimu. Ndani ya seli, DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye kigurudumu. Mwaka 1964 Vincent Allfrey na wenzake wa New York waliona kwamba vikundi vidogo vya asetili vikibandikwa kwenye histoni, jeni husomeka kwa urahisi zaidi. Mwaka 1996 watafiti wa Harvard walikitambua kimeng'enya kinachobandua asetili hizo, ambacho leo huitwa HDAC1. Kwa kutumia kingamwili kama ndoana, watafiti wengine walivua vipande vya DNA ambako kimeng'enya hicho hukaa, wakakikuta pia kwenye mwanzo wa jeni za virusi vya UKIMWI. Hapo husaidia kuvilaza virusi. Virusi vilivyolala havionwi na kinga wala haviguswi na dawa, na mgonjwa akiacha dawa huamka.

Mwaka 2012 watafiti wa North Carolina walionyesha kuwa dawa ya kuzuia vimeng'enya vya aina hii huweza kuviamsha virusi. Lakini kuamsha si kuua. Lazima awepo wa kuvikamata vikishaamka, na hapo damu ya CAP256 inarudi katika hadithi. Huko Umlazi, jirani wa Chatsworth, wanawake 20 walipewa dawa ya kuchochea kinga pamoja na kingamwili mbili, moja ikiwa imetokana na za CAP256. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa wachache kati yao waliweza kukaa muda mrefu bila dawa za kila siku.

Chatsworth yenyewe inazijua namba. Kati ya 1860 na 1911 Wahindi zaidi ya 152,000 waliletwa Natal kufanya kazi kwa mkataba, na kila mmoja aliandikwa namba katika daftari la meli. Kuanzia 1873 walifika pia Waafrika waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, nao wakafungwa mikataba. Hadi leo wazao wao huitwa Wazanzibari, ingawa wengi wa mababu zao walikuwa Wamakua wa Msumbiji. Sheria ya kutenga maeneo kwa rangi ndiyo iliyowahamishia wengi wa jamii hizi mbili Chatsworth katika miaka ya 1960. Leo wajukuu hutafuta namba za babu zao ili wapate majina yao.

Chatsworth pia ilikuwa na kituo katika utafiti wa VOICE, ulioanza 2009 na kuwahusisha wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Wengi walisema wanatumia dawa za kinga walizopewa. Damu yao ilipopimwa, dawa ilionekana katika chini ya theluthi moja ya sampuli. Damu ilisema ukweli, lakini haikusema kwa nini. Ilibidi wanawake waulizwe upya, ndipo wakaeleza hofu ya madhara na aibu ya kuonekana na vidonge vya wagonjwa wa UKIMWI.

Jibu letu ni hili. Namba ya daftari la meli ilimtumikia bwana shamba. Namba ya CAP256 inamtumikia mwenye damu, ila kwa sharti moja: matokeo yamrudie yeye na majirani zake, kwa lugha wanayoielewa. Majaribio makubwa ya kingamwili yamekwisha kufika Mbeya na Kisumu, ambako mshiriki anaweza kuuliza kwa Kiswahili, "Mtaifanyia nini damu yangu?" Anastahili jibu lenye histoni na kimeng'enya ndani yake, si "ni mambo ya kitaalamu". Tunapendekeza klabu ianze mwaka huu kuandaa faharasa ya maneno hayo, na walimu wetu watusahihishe.