Njia Kuu ya Tukuyu na Desturi ya Kupisha

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Ziwa Nyasa huiacha njia kuu ya Zambia pale Uyole, akapanda hadi Isyonje, kisha akateremka kwa Kiwira mpaka Tukuyu. Mkono wake wa kushoto umesimama Mlima Rungwe, ambao kilele chake chakaribia mita 3,000. Na kandokando ya njia, kushoto na kulia, ni migomba, kahawa, chai na nyumba za watu. Malori yaendayo Malawi kwa mpaka wa Kasumulu hupita hapo usiku na mchana. Mikungu ya ndizi hupangwa ukingoni ikingoja wanunuzi, na watoto wa shule hutembea katikati ya mikungu na magurudumu. Kwamba njia hii ni nyembamba kwa kazi iliyotwishwa, hapana abishaye. Neno lililo gumu ni nani ampishe nani, na neno hilo lina historia ndefu kuliko lami.

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na desturi ya kupisha iliyowekwa wazi kabisa. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa katika nchi hiyo katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica alitoa kitabu chake, Good Company, kielezacho vijiji vya hirimu. Mtoto wa kiume alipopata umri wa miaka kama kumi hakulala tena kwa baba yake. Alikwenda kujenga pamoja na wenziwe wa rika moja, ingawa chakula aliendelea kula kwa mama yake. Kijiji hicho kilikua pamoja na wenyewe. Kizazi kilipokomaa, yapata mara moja katika miaka thelathini, ilifanywa sherehe ya ubusoka: mioto ya zamani ikazimwa, moto mpya ukapekechwa, utawala ukakabidhiwa vijana, na wazee wakasogea kando ili wanao wapate ardhi.

Kuhama huko hakukuwa fedheha. Mzee alijua anampisha nani, na kwa sababu gani, na ya kuwa yeye mwenyewe alipishwa na baba yake vivyo hivyo. Tena nyumba yenyewe iliruhusu. Ilijengwa kwa mianzi na udongo, kwa ustadi ambao ulimstaajabisha Joseph Thomson alipopita kaskazini ya ziwa mwaka 1879. Lakini ilikuwa nyumba ya kujengwa upya, wala si ya kurithiwa na wajukuu.

Wadachi walipohamisha boma lao kutoka Langenburg ya ziwani wakalileta mlimani, wakaliita Neu Langenburg, ndipo Tukuyu ilipokuwa mji wa serikali. Jeshi la Jenerali Northey, likitoka Nyasaland, liliuteka mwezi Mei 1916, na Waingereza wakaufanya makao ya Wilaya ya Rungwe. Njia ya wapagazi ikawa njia ya motokaa.

Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, halikutoka bomani. Lilitoka katika mche wa kahawa. Mkahawa hungoja miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kisha huzaa miaka mingi. Aupandaye hataki kusogea. Vijana waliokwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walirudi na fedha, wakajenga kwa matofali ya kuchoma na kuezeka kwa mabati. P. H. Gulliver, aliyeandika juu ya ardhi ya Wanyakyusa mwaka 1958, aliona jambo hili waziwazi: watu walikuwa wengi, ardhi ilikuwa haba, na shamba lilikuwa limekwisha kuwa la mtu na wanawe badala ya kuwa la kijiji cha hirimu. Wazee wakaacha kupisha, na ubusoka ukapoteza nguvu yake. Matofali yakasimama palepale, aghalabu karibu na njia, kwa kuwa njiani ndiko kwenye soko.

Ndipo ikaja sheria ya vipimo. Kanuni zilizotokana na Sheria ya Barabara ya 1932 ziliweka hifadhi ya njia kuu kuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaifanya mita 30. Katika Tanzania nzima alama zikapakwa kutani: X nyekundu kwa nyumba iliyo ndani ya mita 22.5, ambayo mwenyewe hahesabiwi kuwa na haki ya fidia. X ya kijani kwa iliyo kati ya 22.5 na 30, ambayo itafidiwa ardhi yake itakapohitajiwa. Hilo la mwisho lina adha yake, nayo si ndogo: mtu hajalipwa, wala hawezi kujenga kwa moyo mkunjufu. Huko Mbeya, katika miaka ya 2020, kazi ya kuifanya njia ya Zambia kuwa ya njia nne imefanywa kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, na Uyole i ndani yake. Watu wa Kiwira na Tukuyu huiona kila waendapo mjini.

Hapana shaka sheria ina hoja. Mpita njia naye ana uhai wa kulindwa, na katika nchi ipatayo zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, njia isiyo na nafasi ya mitaro mipana humwaga maji yake mashambani mwa watu. Lakini futi kamba ya mpimaji huanzia katikati ya njia, wala haiulizi nyumba ilitangulia lini.

Liko jambo moja ambalo watunga sheria walilifikiri. Wanyakyusa huzika nyumbani, na mara nyingi kaburi liko karibu na mlango kuliko shamba. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 yaagiza kwamba ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, walio na haki juu ya kaburi walipwe gharama za kufukua, kuchukua na kuzika tena, pamoja na gharama za matambiko ya kuwatuliza wafu. Kwa mzee aliye hai, anayetoka nyumba ya matofali aliyoijenga kwa fedha za shaba, mthamini huandika ukubwa wa nyumba, idadi ya mikahawa na migomba, na posho ya usumbufu.