Fukusi, El Niño na Gugumaji la Ziwa Victoria

Kwao gugumaji ni bonde la Amazon, na kilicholisafirisha ni uzuri wa maua yake ya zambarau. Watu walilipanda kwenye madimbwi ya bustani, likatoroka. Karne ya 20 ilipoingia lilikwishafika Nile, Misri; miaka ya 1950 likaonekana Tanganyika, katika mito ya Sigi na Pangani. Mwaka 1988 lilikuwa Ziwa Kyoga, na mwaka uliofuata Ziwa Victoria. Huku lango lake kuu lilikuwa Mto Kagera, utokao nyanda za juu za Rwanda na Burundi.

Lilikuta maji yaliyoshiba mbolea ya mashamba na maji taka ya miji, wala adui yeyote hakuwapo. Kufikia 1998 lilikuwa limetandaa kwenye hekta 17,000 hivi upande wa Kenya, katika Ghuba ya Winam. Mitumbwi ilikwama na meli zikashindwa kutia nanga Kisumu. Chini ya zulia lile hewa ilipungua, sato wakahama, ila kamongo, ambaye huibuka kuvuta pumzi, alistawi. Konokono wanaobeba kichocho nao walipata makao.

Uganda ilikuwa imeanza kuachia fukusi mwaka 1995. Kenya na Tanzania zikafuata 1997. Wadudu hawa, spishi mbili, wametoka huko huko Amerika ya Kusini. Mzima hutafuna jani, funza wake hutoboa shina, maji yakaingia, mmea ukaoza na kuzama. Miaka miwili mitatu hivi baadaye, sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imetoweka.

Hapo wataalamu wakagawanyika. Wengine walisema fukusi ndio walioshinda. Wengine wakataja El Niño ya 1997 na 1998, mawingu yake yaliyoziba jua na mawimbi yaliyolichana zulia. Mimi nawapa fukusi sehemu kubwa ya sifa: dhoruba ililikuta gugu limekwishadhoofika. Lakini ubishi huo, kwa kuwa ulimtafuta muuaji tu, uliwasahau walishaji wa gugu.

Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilipojaza mito ya Nyando na Sondu, matope na mbolea vilimiminika ghubani. Mbegu za gugu huweza kulala topeni miaka mingi zikiwa hai. Mwaka 2007 Ghuba ya Winam ilikuwa kijani tena, na fukusi wakiwamo humo humo.