Kileo na Uhuru: Hoja ya Frederick Douglass kuhusu Ulevi na Utumwa

Harakati za kupinga ulevi nchini Marekani katika karne ya 19 aghalabu husimuliwa kama historia ya makanisa na ya Wazungu wa tabaka la kati. Makala haya yanadai kwamba kwa waliotoka utumwani, kileo kilikuwa pia suala la mamlaka: ni nani anayefaidika mtumwa anapolewa?

Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa huko Maryland mwaka 1838, alilijibu swali hilo katika tawasifu yake ya 1845. Anaeleza kuwa baina ya Krismasi na Mwaka Mpya watumwa walipewa mapumziko, na mabwana wakawachochea kunywa, hata wakawekeana dau kuhusu mtumwa atakayekunywa wiski nyingi zaidi. Aliyezitumia siku hizo kufanya kazi zake alionekana hastahili kupewa mapumziko. Kwa maoni ya Douglass, lengo lilikuwa kuwafanya watumwa wauchukie uhuru kwa kuwaonjesha upande wake mchafu tu. Waliporudi shambani wakipepesuka, waliona hakuna tofauti kubwa kati ya kutumikishwa na mtu na kutumikishwa na pombe. Kuacha kileo, basi, kulikuwa kumnyang'anya bwana silaha.

Hata hivyo, kuacha kileo hakukuwa kinga. Tarehe 1 Agosti 1842, watu weusi wa Philadelphia waliandamana kupinga ulevi na kuadhimisha kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni ya Uingereza ya Karibi. Kundi la Wazungu liliwashambulia, na ukumbi na kanisa lao vikachomwa moto. Agosti 1846, Douglass alisimulia tukio hilo katika mkutano wa kimataifa wa kupinga ulevi jijini London, akieleza jinsi utumwa na ubaguzi ulivyowafungia watu weusi mlango wa harakati hizo. Mchungaji Samuel Hanson Cox, mjumbe kutoka Marekani, alimshutumu baadaye kwa kuchanganya mambo yasiyohusiana.

Kwa Douglass, mambo hayo hayakutenganika. Kwa hiyo, msimamo wa waliotoka utumwani kuhusu kileo usichukuliwe kuwa uigaji wa maadili ya Wazungu, wala kuwa cheti cha kustahili uhuru. Mkasa wa Philadelphia ulidhihirisha kuwa cheti hicho kisingetambuliwa. Walikataa kileo ili kuulinda uhuru ambao tayari ulikuwa haki yao, walewe wasilewe.