Shinikizo la Areni: Uzi Uliokatika

Mnamo Januari 2011, wanaakiolojia walitangaza kwamba pango la Areni, katika jimbo la Vayots Dzor kusini mwa Armenia, limehifadhi kiwanda cha divai cha kale kuliko vyote vilivyojulikana wakati ule. Palikuwa na shinikizo la udongo lililoinamishwa ili maji ya zabibu yatiririkie kwenye mtungi uliofukiwa ardhini. Kando yake zilikutwa mbegu na matawi makavu ya mizabibu. Umri wake unakaribia miaka 6,100. Makaburi yaliyokuwa jirani yaliwafanya wachimbaji wakisie kwamba divai ile ilihusiana na ibada za wafu.

Tangu hapo, historia ya Areni aghalabu husimuliwa kama uzi mmoja, kuanzia pangoni hadi kwenye chupa ya leo. Simulizi hiyo ni tamu, lakini inaficha mengi. Katika karne ya 7 K.K., maghala ya Karmir Blur, ngome ya dola ya Urartu, yalijaa mamia ya mitungi mikubwa: divai ilikuwa hazina ya mfalme. Mwaka 1887 Nerses Tairyan alianzisha kiwanda mjini Yerevan, nako brandi ikaja kupata sifa kuliko divai. Wasovieti wakalitia nguvu jambo hilo. Georgia ilitakiwa kutoa divai na Armenia brandi, hivyo zabibu nyingi zikaishia kwenye mitambo ya kunekeshea. Kampeni ya Gorbachev dhidi ya ulevi, iliyoanza 1985, ikang'oa mizabibu mingi.

Kilichosalia kilisalia majumbani. Wanavijiji waliendelea kukamua zabibu nyeusi za Areni, kuziombea baraka kanisani kila Agosti, na kuuza divai kando ya barabara katika chupa kuukuu za soda.

Zorik Gharibian, Mwarmenia aliyeishi Italia, alipoanzisha shamba lake katika kijiji cha Rind, alitaka kuichachusha divai ndani ya karas, mitungi ya jadi. Mizabibu aliweza kuipanda, lakini wafinyanzi wa mitungi ile walikuwa wametoweka. Ilimbidi azunguke vijijini akinunua mitungi ya zamani. Divai yake ya kwanza ilikuwa ya mavuno ya 2010.

Sisi tuishio mbali na kwetu hupenda kuamini kwamba asili hutungoja ilivyokuwa. Areni yatuonya: ardhi huweza kungoja miaka 6,000, lakini ufundi wa mkono hufa na mwenyewe asiporithisha.