Kupima Kisichoonekana: Historia ya Msako wa Maada ya Giza katika Mitambo ya Kugonganisha Chembe

Mwaka 1933 mwanafizikia Fritz Zwicky alichunguza kundi la galaksi liitwalo Coma, akabaini kwamba galaksi hizo zilikwenda kasi mno kuweza kushikiliwa pamoja na uvutano wa nyota zinazoonekana, hivyo akahitimisha kwamba imo maada nyingine isiyotoa mwanga, yaani maada ya giza. Katika miaka ya 1970, vipimo vya Vera Rubin na Kent Ford kuhusu mzunguko wa galaksi viliipa hoja hiyo uzito, na leo maada hiyo inakadiriwa kuwa takriban mara 5 ya maada ya kawaida.

Mbinu ya kuisaka katika maabara ina asili nyingine. Mwaka 1930 Wolfgang Pauli, akitafuta sababu ya nishati kupungua katika mnururisho wa beta, alipendekeza kwamba ipo chembe isiyoonekana inayoichukua. Chembe hiyo, nyutrino, ilithibitishwa mwaka 1956. Mwaka 1983 watafiti wa CERN, kituo cha Ulaya cha fizikia ya chembe, waliitambua chembe iitwayo bosoni ya W kupitia migongano ambamo elektroni ilichomoka upande mmoja huku upande wa pili, ilikopita nyutrino, ukibaki mtupu. Mwaka uliofuata, jopo la UA1 kituoni humo liliripoti migongano michache iliyoegemea upande mmoja ambayo ilionekana kuashiria fizikia mpya, lakini uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba michakato iliyokwisha kujulikana ilitosha kuieleza.

Funzo hilo la tahadhari ndilo linaloongoza kazi ya LHC, mtambo uliomo katika handaki la duara lenye urefu wa kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, ambao tangu 2010 umekuwa ukigonganisha protoni kwa nishati kubwa kuliko mtambo wowote uliotangulia. Kwa kuwa protoni huja zikielekeana, momentamu yao ya ubavuni, yaani zao la tungamo na kasi kuelekea pembeni, ni karibu sifuri, na baada ya mgongano jumla yake haina budi kubaki hivyo. Ikipungua upande mmoja, kipo kitu kilichopita bila kuonekana. Hata chembe iitwayo bosoni ya Higgs, iliyotangazwa mwaka 2012, imechunguzwa kwa njia hiyo, na vipimo vinaonyesha kwamba si zaidi ya takriban asilimia 11 ya bosoni hizo zinazoweza kuvunjika kuwa chembe zisizoonekana.

Maada ya giza haijapatikana katika LHC, ingawa kila kipimo kimepunguza mahali inapoweza kujificha. Hata hivyo, ushahidi wa mtambo peke yake hautatosha, kwa sababu chembe inayotoroka kitambuzi huhitaji kudumu kwa muda wa kuvuka mita chache tu, ilhali maada ya giza imedumu kwa takriban miaka bilioni 13.8, kwa hiyo siku pengo la momentamu litakapoonekana, jibu litawahitaji pia wanaoitazama mbingu.