Kungwi wa Mlango wa Chuo: Walioongoza Vijana Kuingia Elimu ya Juu katika Afrika ya Mashariki

Historia ya elimu ya juu katika Afrika ya Mashariki imeandikwa mara nyingi kwa upande wa vyuo vyenyewe: majengo, tume, sheria na wakuu wake. Tena imeandikwa kwa upande wa wanafunzi waliokuja kuwa mawaziri, waganga na majaji. Lakini kati ya shule na chuo husimama mtu wa tatu, ambaye jina lake halionekani sana katika vitabu. Huyu ndiye anayemwambia kijana kwamba chuo kipo, masomo gani humfikisha, barua iandikwe kwa nani, na siku ya mwisho ya kupeleka maombi ni ipi. Makala haya yahusu mtu huyo, na hasa swali moja juu yake: je, yeye mwenyewe alifundishwa na nani?

Swali hili si geni kwa watu wa pwani. Katika desturi za unyago za Mrima, mwari hakuachwa avuke peke yake kutoka utoto kuingia utu uzima. Alikuwa na kungwi wake, na juu ya makungwi alikuwako nyakanga. Wala mwanamke hakuwa kungwi kwa sababu tu ameombwa siku ile. Alikaa na waliomtangulia, akasikiliza, akasaidia, akajua maneno, nyimbo na miiko, ndipo akaaminiwa mwari. Kwa hiyo jamii ilikuwa na wazo lililo wazi: anayewavusha wengine lazima kwanza atayarishwe. Wazo hilo ndilo lililopotea shule za kisasa zilipokuja, na jinsi lilivyopotea yaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14 tu, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Wakati ule hapakuwa na haja kubwa ya kuwa na mwongozaji, kwa kuwa njia ilikuwa fupi na wapitao wachache. Miaka miwili baadaye, mwaka 1924, Tume ya Phelps-Stokes iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones ilitembelea nchi hizi, na ndani yake alikuwamo James Aggrey, mwana wa Gold Coast. Tume ilisifu elimu iliyofungamana na maisha ya kijijini. Matokeo yake mashuhuri yalikuwa Shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete, Kenya, mwaka 1925, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani.

Shule ya Jeanes yafaa kutazamwa kwa makini, kwani ilikuwa jitihada kubwa ya kwanza ya kuwaendeleza walimu waliokwisha kuwa kazini. Mfano wake ulitoka majimbo ya kusini ya Marekani, ambako walimu wasafiri walizungukia shule ndogo za watu weusi vijijini. Huko Kabete mwalimu alikuja pamoja na mkewe na watoto wake, akakaa katika nyumba ya mfano, akajifunza kilimo, usafi wa nyumba na namna ya kuwasaidia walimu wadogo wa vijijini. Hapana shaka mafunzo yale yalikuwa mazuri kwa kusudi lake. Lakini kusudi lenyewe lilielekea kijijini, wala halikuelekea chuoni. Mwalimu wa Jeanes alitayarishwa kumsaidia kijana akae vema alipo. Hakutayarishwa kumsaidia aondoke. Basi tangu mwanzo mafunzo ya walimu na njia ya elimu ya juu vilikwenda mbalimbali, kama watu wawili waliopishana usiku.

Njia ya elimu ya juu ilipita kwingine. Ilipita King's College Budo huko Uganda, iliyofunguliwa mwaka 1906. Alliance High School huko Kikuyu, iliyofunguliwa mwaka 1926. Na shule ya Serikali ya Tabora. Katika shule hizi mwongozaji alikuwa mkuu wa shule mwenyewe. Carey Francis, aliyeongoza Alliance tangu mwaka 1940 mpaka 1962, alikuwa mwanahisabati aliyefundisha Cambridge kabla ya kuja Kenya. Njia ya chuo kikuu aliijua kwa kuwa aliipitia mwenyewe. Vivyo hivyo Julius Nyerere, aliyetoka Tabora akasoma Makerere mwaka 1943 mpaka 1945, alikuwa akifundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, wakati Padre Richard Walsh, mkuu wa shule hiyo, alipomhimiza aendelee na masomo Uingereza. Nyerere aliingia Edinburgh mwaka 1949.

Mifano hii yaonyesha nguvu na udhaifu wa mpango ule. Nguvu yake ni kwamba mwongozaji alimjua kijana kwa jina, akajua akili zake na tabia yake, na barua yake iliheshimiwa huko ilikokwenda. Udhaifu wake ni kwamba maarifa yale yalikuwa mali ya mtu mmoja. Hayakuandikwa kwa manufaa ya wengine, hayakufundishwa katika vyuo vya ualimu, wala hayakufika katika shule mia ambazo mkuu wake hakusoma Cambridge. Tume ya De La Warr ya mwaka 1937 ilishauri Makerere ikuzwe mpaka iwe chuo kikuu, na mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano na University of London. Lango likapanuka, idadi ya waliojua kufungua kitasa haikupanuka kwa kiasi kile.

Upungufu huo ulionekana wazi mwaka 1959. Tom Mboya, pamoja na marafiki zake wa Marekani, alipanga safari ya ndege iliyowachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi mwezi wa Septemba mwaka ule kwenda vyuo vya Marekani. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walisaidia kuomba fedha. Katika kuwachagua wanafunzi Mboya alisaidiwa na Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, na wote wawili walikuwa wamesoma Marekani. Yafaa kuliangalia jambo hili. Mtihani wa Cambridge na njia ya London vilikuwa vimezoeleka. Lakini Marekani ilitaka vitu vingine: barua za kukubaliwa kutoka chuo kimoja kimoja, ahadi za fedha, na maelezo ya kijana juu ya nafsi yake. Walimu wengi wa sekondari hawakuwa na habari za mambo hayo. Kazi ya kungwi ikawaangukia wanasiasa na wachache waliorudi kutoka ng'ambo.

Mfano ulio mashuhuri zaidi ni wa kijana ambaye hakusafiri katika ndege ile. Barack Obama, baba wa rais wa Marekani wa baadaye, aliondoka Maseno bila kumaliza masomo, akafanya kazi ya ukarani Nairobi. Aliyemsaidia kuandika maombi yake kwa vyuo vya Marekani alikuwa Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuja Kenya kwa kazi ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Katika kazi hiyo Obama alitunga vitabu vidogo vya Kijaluo juu ya Otieno mwenye hekima, vilivyochapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1959, na mwaka huohuo akaingia University of Hawaii. Mooney hakuwa mwalimu wa sekondari, wala hakuwekwa na mtu yeyote kuwaongoza vijana kwenda vyuoni. Alijua njia, naye alikuwa karibu. Kama kijana yule angalikuwa karani katika ofisi nyingine, huenda barua zile zisingaliandikwa. Hapo ndipo penye uzito wa swali hili: njia ya mtu ilitegemea bahati ya jirani.

Mwaka 1961 Serikali za Uingereza na Marekani zilianza mpango mkubwa wa kuleta walimu Afrika ya Mashariki. Walimu wa Kimarekani walitayarishwa katika Teachers College ya Columbia University, New York, na wengine wakapata mafunzo ya ualimu Makerere. Walijaza madarasa ya sekondari wakati ambapo walimu walihitajiwa sana, na wengi wao waliwasaidia wanafunzi wao kwa moyo. Walakini walikuja kwa muda. Mkataba ulipokwisha mwalimu alikwenda na maarifa yake, na shule ikabaki na kabati la vitabu. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa kwa kitivo cha sheria na wanafunzi 14. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliungana kuwa University of East Africa, ambayo ilidumu mpaka 1970.

Tanzania ndiyo iliyobadilisha ufunguo wenyewe. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisema kwamba mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita asiende moja kwa moja chuo kikuu. Kwanza alitumikie taifa na afanye kazi angalau miaka miwili, kisha apate barua za sifa kutoka kwa mwajiri na kutoka chama. Kusudi lilikuwa kuvunja kiburi cha usomi na kuwafungulia watu wazima mlango uliokuwa wa vijana tu. Bila shaka watu wengi wenye uwezo waliingia chuoni kwa njia hiyo ambao wasingaliingia kwa njia nyingine. Lakini ufunguo ulitoka mkononi mwa mwalimu ukaingia mkononi mwa msimamizi wa kazi na katibu wa tawi. Mwalimu alikuwa na mazoea ya kuwapima vijana kwa ajili ya masomo. Msimamizi wa ghala hakuwa nayo, wala hakupewa mafunzo. Idadi ya wanawake walioingia chuo kikuu ilipungua, na baadaye ikabidi wao waondolewe sharti la kufanya kazi kwanza. Azimio lilibadilisha mlinzi wa mlango bila kumfundisha mlinzi mpya.

Katika miaka hiyohiyo shule zilianza kumteua mwalimu mmoja awaelekeze wanafunzi juu ya masomo na kazi za baadaye. Kenya ilianzisha kitengo cha ushauri na uelekezaji katika Wizara ya Elimu mwaka 1971. Huko Tanzania mkuu wa shule alimchagua mmoja wa walimu wake, naye kwa kawaida hakuwa amesomea kazi hiyo. Aliongezewa juu ya vipindi vyake, kama mtu anavyoongezewa mzigo juu ya mzigo.

Hapa lugha nayo yatoa ushahidi wake. Neno shauri, lenye asili ya Kiarabu, lina maana mbili zinazovutana. Kwa upande mmoja ni mazungumzo ya watu wanaotafuta njia pamoja, ndiyo sababu husemwa "kushauriana". Kwa upande mwingine ni jambo zito au daawa. Wajerumani walilichukua neno hilo kutaja vikao vya bomani. Tena mtu husema "shauri lako", maana yake, mimi simo. Neno nasaha, nalo la Kiarabu, ni onyo jema la mkubwa kwa mdogo. Maneno haya mawili yaliunganishwa kuwa "ushauri nasaha", na istilahi hiyo ilienea sana kwa ajili ya kupima virusi vya UKIMWI. Kwa sababu hiyo mwalimu anayeitwa mshauri nasaha huonekana kwa wanafunzi kama mtu wa kuendewa wakati wa maradhi au aibu. Kijana mzima wa afya anayetaka kujua habari za uhandisi haoni kwa nini abishe mlango wake. Jina limeiziba kazi.

Tangu mwaka 2010, Tanzania ilipoanza udahili wa pamoja kwa kompyuta, na Kenya ilipofanya vivyo hivyo chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ufunguo umebadilika tena. Mwaka 2017 Tanzania ilirudisha maombi kwa vyuo vyenyewe, na waliokwisha kujua utaratibu mmoja wakalazimika kujifunza mwingine. Mashine haimjui kijana kwa jina. Inazijua alama na chaguo lake. Na chaguo lenyewe huanza mapema, pale mwanafunzi wa kidato cha nne anapojaza tahasusi yake. Neno tahasusi limo katika matangazo ya Serikali. Wanafunzi husema "kombi". Wazazi wengi hawajui hili wala lile. Hata hivyo anayejaza historia, Kiswahili na Kiingereza amekwisha kuufunga mlango wa udaktari kabla hajajua kwamba ulikuwako, na mzazi wake huyajua hayo miaka miwili baadaye, wakati hakuna la kufanya.

Kwa hiyo katika muda wa miaka mia moja ufunguo ulikuwa barua ya mkuu wa shule, kisha ahadi ya chuo cha mbali, kisha sifa za mwajiri, kisha kompyuta. Kila mara chuo kilitangaza sharti jipya, na kila mara mwongozaji aliachwa ajifunze mwenyewe kwa kukosea, na makosa yake yakalipwa na kijana. Kungwi alifundishwa na nyakanga. Mwalimu huyu hana nyakanga. Mafunzo yake hayahitaji majengo mapya. Yahitaji majuma machache ya kila mwaka pamoja na maofisa wa udahili, daftari linalobaki shuleni yeye anapohamishwa, na maneno ambayo mama aliyesoma mpaka darasa la saba ataelewa akiyasikia mara moja. Hilo la mwisho haliwezi kufanywa na wizara peke yake. Ni kazi ya wanaoshughulika na Kiswahili, nayo yaweza kuanzia katika neno hilo moja la tahasusi.