Mieleka ya Kulipwa na Mlo Usio na Nyama

Katika mieleka ya kulipwa, mshindi hupangwa kabla kengele haijalia. Promota ndiye anayeamua nani ataondoka na mkanda, nani atazomewa, na nani atakaa miaka mingi bila kupandishwa daraja. Mwanamieleka hubakiwa na mambo machache yaliyo mikononi mwake: mazoezi yake, namna anavyowakabili watazamaji, na chakula anachokula. Kwa sababu hiyo chakula kimebeba uzito mkubwa katika historia ya kazi hii kuliko inavyodhaniwa, na walioamua kuacha nyama mara nyingi wamekuwa watu waliokataa pia kupimwa kwa vipimo vya wakubwa wao.

Mwanzoni mwa karne ya 20, bingwa aliyejulikana kuliko wote alikuwa George Hackenschmidt, mzaliwa wa mji wa Dorpat, ambao leo ni Tartu nchini Estonia. Mwaka 1898 alichukuliwa na daktari Vladislav Krajewski wa St. Petersburg, aliyempa malezi ya mazoezi na kumlisha maziwa kwa wingi, zaidi ya lita 6 kwa siku. Mwezi Mei 1905 alimshinda Tom Jenkins katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akatambuliwa kuwa bingwa wa dunia. Alipoandika kitabu chake cha mazoezi, The Way to Live, mwaka 1908, alieleza kwamba chakula safi kabisa cha binadamu ni kile kisichopikwa, hasa matunda na kokwa, ingawa kwa watu wa Ulaya ya Kati aliona inafaa robo tatu ya mlo iwe mimea na robo iwe nyama. Kwa zama ambazo mtu mwenye nguvu alitarajiwa kula mapande ya nyama ya ng'ombe asubuhi na jioni, maneno hayo yalikuwa ya ujasiri. Mwaka huohuo alipoteza ubingwa mjini Chicago kwa Mmarekani Frank Gotch, baada ya pambano la zaidi ya saa mbili, akashindwa tena katika marudiano ya mwaka 1911. Baada ya hapo aliigeukia falsafa, akaandika vitabu, akafariki London mwaka 1968 akiwa na umri wa miaka 90.

India ilikuwa na mapokeo yake, ya kale kuliko hayo yote. Katika viwanja vya udongo viitwavyo akhara, wanamieleka, waitwao pahalwani, hujengwa kwa maziwa, samli na lozi zilizosagwa. Wengi wa wanamieleka Wahindu hawagusi nyama kwa sababu ya dini, hali wenzao Waislamu huila. Ghulam Muhammad, aliyejulikana duniani kwa jina la Gama, alikuwa Mwislamu na nyama alikula, lakini maziwa na lozi vilikuwa nguzo ya mlo wake kama ilivyo kwa pahalwani wengine. Septemba 1910 alipambana London na Stanislaus Zbyszko kutoka Poland kwa karibu saa tatu, na muda mwingi Zbyszko alijilaza kifudifudi ili asigeuzwe. Walipokutana tena Patiala mwaka 1928, Gama alimwangusha kabla ya dakika moja kutimia. Mapokeo ya akhara yalithibitisha mapema kwamba mwili mzito na wenye nguvu waweza kujengwa bila nyama. Hata hivyo hayakuwa mlo wa mimea tupu, kwa kuwa bila maziwa na samli pahalwani wa India hafikiriki.

Mlo usio na nyama, maziwa, mayai wala asali ulipata chama chake Uingereza mnamo Novemba 1944, pale Donald Watson na wenzake wachache walipojitenga na walaji mboga wa kawaida na kuunda Vegan Society. Ilichukua zaidi ya nusu karne kabla msimamo huo haujaingia ulingoni kwa uwazi.

Katikati ya safari hiyo anasimama Killer Kowalski. Alizaliwa Windsor, Ontario, mwaka 1926, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland, akakua hadi kufikia karibu mita 2. Tarehe 15 Oktoba 1952, mjini Montreal, aliruka kutoka juu ya kamba na kumwangukia Yukon Eric, na sikio la Eric likang'oka. Siku chache baadaye alikwenda kumwona hospitalini, wote wawili wakacheka, na magazeti yakaandika kwamba Kowalski amemcheka mtu aliyemlemaza. Kuanzia hapo watazamaji walimchukia kwa dhati, na chuki hiyo ikajaza kumbi kwa miaka 25. Nyuma ya pazia alikuwa mtu mpole asiyevuta sigara wala kunywa pombe, aliyekuwa ameacha nyama tangu miaka ya 1950. Katika biashara iliyozoea kumaliza usiku kwa bia na nyama ya kuchoma, Kowalski aliishi kwa utaratibu wake mwenyewe, akacheza hadi mwaka 1977, kisha akafungua shule ya mieleka Massachusetts. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Triple H na Chyna. Alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 81, umri ambao wengi wa kizazi kilichomfuata hawakuufikia.

Kizazi hicho kilichomfuata kilitawaliwa na misuli. Miaka ya 1980 Vince McMahon aliigeuza kampuni ya baba yake kuwa biashara ya televisheni ya Marekani nzima, na sura ya biashara hiyo ikawa Hulk Hogan, aliyewahimiza watoto wasali na kula vitamini zao. Ukweli ulijitokeza mahakamani. Mwaka 1991 daktari George Zahorian alitiwa hatiani kwa kusambaza dawa za kujenga misuli, na mwaka 1994, katika kesi ya McMahon mwenyewe, Hogan alikiri kwamba alizitumia kwa miaka mingi. McMahon aliachiwa huru, lakini madhara kwa wanamieleka yalikuwa yameshatokea. Mtu mfupi, hata angekuwa fundi kiasi gani, aliambiwa kwamba hana umbo la bingwa. Aliyetaka nafasi alilazimika kuongeza kilo kwa njia yoyote. Eddie Guerrero alipofariki ghafla Novemba 2005, akiwa na miaka 38, kampuni ilianzisha mpango wa kuwapima afya wanamieleka wake, hatua ambayo ilipaswa kuja miaka mingi kabla.

Mazingira ya kazi yenyewe yalifanya ulaji mzuri kuwa mgumu. Wanamieleka wa Marekani kwa kawaida hawahesabiwi kuwa waajiriwa bali watu wanaojitegemea. Wengi hujilipia gari, malazi na chakula barabarani. Onyesho huisha usiku wa manane, mji wa kesho uko mbali, na kilicho wazi ni kituo cha mafuta na duka la vyakula vya haraka. Kupanga mlo katika hali hiyo ni kazi ya pili inayofanywa baada ya kazi ya kwanza kuisha.

Ni katika mazingira hayo ndipo alipotokea Bryan Danielson, mzaliwa wa Aberdeen, jimbo la Washington, mwaka 1981. Alijifunza katika shule ya Shawn Michaels huko San Antonio, Texas, kisha akajenga jina katika kumbi ndogo za kampuni ya Ring of Honor, ambako alishika ubingwa kuanzia Septemba 2005 hadi Desemba 2006. Urefu wake wa takriban sentimita 178 ulikuwa kasoro machoni mwa kampuni kubwa. Mwaka 2009, baada ya vipimo vya ini kuwa vibaya na maambukizi ya ngozi kumrudia, alianza kula mimea tupu. WWE, kampuni hiyo ya McMahon, ilimchukua kwa jina la Daniel Bryan, ikamfukuza Juni 2010, ikamrejesha Agosti mwaka huohuo. Desemba 2011 alitwaa mkanda wa World Heavyweight, na shirika la kutetea wanyama la PETA likamtuza mwaka 2012.

Kampuni iliona mlo wake una faida nyingine, ikampa nafasi ya mtu mwenye kiburi anayewasimanga watazamaji kwa kula nyama. Aprili 2012 alishindwa na Sheamus kwa sekunde 18 tu mbele ya umati wa Miami. Badala ya kummaliza, pigo hilo liliamsha watazamaji, wakaanza kuitika «Yes!» kila alipotokea, na hata asipotokea. Viongozi waliendelea kumweka pembeni, na katika hadithi ya ulingoni Triple H, mwanafunzi yuleyule wa Kowalski mla mboga, alimwita mchezaji wa daraja la pili. Tarehe 6 Aprili 2014, New Orleans, Danielson alimshinda Triple H mwanzoni mwa usiku, na mwishoni akawashinda Randy Orton na Batista na kuondoka na mkanda mkuu.

Kufikia hapo alikuwa ameshaacha mlo wa mimea tupu. Mwili wake haukuvumilia soya, na kwa msafiri wa Marekani asiyekula kitu chochote cha mnyama, soya ilikuwa karibu kila mahali. Jambo hili linastahili kusemwa wazi, kwa kuwa watetezi wa mlo huo mara nyingi hulipita. Halikumfanya aache kujiamini. Februari 2016 alilazimika kustaafu kwa sababu ya majeraha ya ubongo, akatafuta rai za madaktari mbalimbali kwa miaka miwili, na Machi 2018 akaruhusiwa kurudi. Mapema mwaka 2019, akiwa bingwa, aliutupa mkanda wa ngozi kwenye pipa la taka na kuleta mwingine wa katani na mbao, akidai kwamba ngozi ile ilikuwa ya ng'ombe aitwaye Daisy.

Aliyeufanya mlo wa mimea kuwa sehemu ya kudumu ya maisha yake ya kazi ni Austin Aries wa Wisconsin, mwenye urefu wa sentimita 175 hivi. Alianza mieleka mwaka 2000 huko Minnesota na karibu wakati huo akaacha nyama. Desemba 2004 alimvua ubingwa wa Ring of Honor Samoa Joe, aliyekuwa ameushikilia kwa miezi 21. Hata hivyo nafasi ya kudumu katika kampuni kubwa ilichelewa. Mwaka 2011 ndio ulioleta mageuzi: aliondoa maziwa na mayai katika mlo wake, na Julai akashinda pambano la watu wanne lililokuwa na mkataba wa kampuni ya TNA kama zawadi. Septemba akapata ubingwa wa kitengo cha X, mkanda uliohusishwa zaidi na wanamieleka wepesi. Julai 2012 aliusalimisha kwa hiari ili apewe nafasi ya kuwania ubingwa wa dunia, akamshinda Bobby Roode.

Aries alijiita mtu bora kuliko wote waliowahi kuishi, na hakulisema jina hilo kwa sauti ya chini. Majigambo ni zana ya kazi hii, kama yalivyo kwa malenga wa majibizano, lakini kwa mtu wa kimo chake yalikuwa pia jibu kwa wale waliozoea kumpima kwa futi. Mwaka 2017 alitoa kitabu, Food Fight, kinachosimulia safari yake ya chakula bega kwa bega na safari yake ya ulingoni.

Sayansi ya lishe haikuwakana watu hawa. Mwaka 2016 wataalamu wa lishe wa Marekani walitamka kwamba mlo wa mimea tupu uliopangwa vizuri unawafaa watu wa rika zote, wanamichezo wakiwemo. Mwanamichezo hushauriwa kupata gramu 1.2 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, maana yake gramu 108 hadi 180 kwa mwenye kilo 90. Kiasi hicho hupatikana katika maharage, dengu, karanga, soya na nafaka, ila sahani huwa kubwa na mipango huwa mingi. Vitamini B12 haina chanzo cha kutegemewa katika mimea, hivyo hulazimu kuongezwa. Kreatini, inayosaidia misuli katika juhudi za muda mfupi, hupungua mwilini mwa asiyekula nyama wala samaki.

Japani ni miongoni mwa nchi ambazo uamuzi wa kula mimea tupu ni mgumu zaidi kwa mwanamieleka. Rikidozan, aliyeasisi mieleka ya kulipwa huko miaka ya 1950, alitokea katika sumo, na desturi za sumo zikaja pamoja naye. Katika bweni la New Japan Pro-Wrestling mjini Tokyo, wanagenzi hupika chanko, sufuria moja kubwa ya kuku, samaki au nguruwe pamoja na mboga, wakiwahudumia wakubwa kwanza. Nje ya bweni, mchuzi wa samaki umo hata katika vyakula vinavyoonekana kuwa vya mboga tupu. Zack Sabre Jr., Mwingereza kutoka Kent aliyezaliwa mwaka 1987, amefanya kazi Japani kwa miaka mingi akila mimea tupu. Ni mwembamba, na ufundi wake uko katika kufunga viungo vya mpinzani na kumlazimisha asalimu amri, si katika kumnyanyua na kumbwaga. Alishinda New Japan Cup mwaka 2018 na 2022. Agosti 2024 alishinda mashindano ya G1 Climax, akiwa mgeni wa pili kufanya hivyo baada ya Kenny Omega mwaka 2016, na tarehe 14 Oktoba akamvua Tetsuya Naito ubingwa wa dunia wa IWGP. Pambano hilo lilifanyika katika ukumbi mkuu wa sumo ulioko Ryogoku, mtaa ambao migahawa yake inajulikana Japani nzima kwa chanko. Mkanda alikaa nao hadi Februari 2025, alipoupoteza kwa Hirooki Goto huko Osaka.